Mashine za barabara zitengenezwe sasa, tusingoje mvua itukute

Agosti hii, Lubumbashi yote ni vumbi. Baiskeli za makala zinaingia mjini zikiwa nyekundu kama udongo wa njia zilizopita, na kila mtu anatamani mvua ije aishi vizuri kidogo. Mvua itakuja. Huku kwetu matone ya kwanza huonekana Oktoba, Novemba inaanza kunyesha kweli, na haituachi mpaka Aprili. Hilo tunalijua tangu utoto. Mkulima wa Kasenga anajua, ndiyo maana analima shamba udongo ukiwa bado mkavu. Mwenye nyumba ya bati anajua, naye anapanda juu kuziba matundu wakati jua linawaka.

Wanaosahau ni wale tuliowakabidhi barabara. Kila mwaka, mvua ya kwanza kubwa inakuta niveleze haina betri, buldoza iko juu ya matofali, na rola inangoja kipuri ambacho hakuna aliyekiagiza. Kisha tunasikia kwenye redio kwamba barabara fulani imekatika kwa sababu ya mvua. Mimi nasema hapana. Mara nyingi barabara imekatika kwa sababu ya Julai, Agosti na Septemba, miezi mitatu ambayo hakuna aliyefungua kifuniko cha injini.

Mwaka jana, mwezi wa pili, nilikuwa natoka Kilwa, kule kwenye ziwa Moero, kurudi Lubumbashi. Tulifika mahali ambapo barabara ilikuwa imegeuka bwawa. Malori yalikuwa yamezama mpaka ekseli, mengine yakiwa hapo kwa siku nne. Katika lori moja kulikuwa na samaki wabichi kwenye masanduku ya barafu, na barafu ilikuwa imekwisha kuwa maji. Mama mwenye mzigo alikuwa amekopa pesa kwa wenzake wa likelemba ili anunue samaki wale. Jioni ya siku ile alianza kuwamwaga porini, sanduku baada ya sanduku, na hakuna aliyejua la kumwambia.

Lakini kilichonikaa moyoni zaidi kilikuwa mbele kidogo. Hatua kama mia tatu tu kutoka kwenye tope lile ilisimama niveleze, ile mashine ndefu yenye kisu tumboni, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo hasa. Nyasi zilikuwa zimeota katikati ya magurudumu yake. Mlinzi wake alitueleza kwamba ilikuwa imesimama tangu kabla ya Krismasi: mpira mmoja wa mafuta ya hidroliki ulipasuka, wakangoja mwingine kutoka mjini, na wakati wa kungoja betri nayo ikafa. Idara yenye mashine ile siitaji hapa, maana kisa hiki si cha idara moja. Ila nilijiuliza swali ambalo bado sijapata jibu lake: mpira ule na betri ile vingegharimu nini Agosti, tukilinganisha na samaki waliotupwa siku moja tu?

Wenye baridi kali hawangoji

Mashine nyingi tunazotumia zimetengenezwa katika nchi zenye theluji, na nyingine zimefika kwetu baada ya kuchoka huko. Kule Kanada au Sweden, baridi ikishuka sana, mazuti ya kawaida yanaanza kuganda na kuziba filta, betri inaweza kupoteza karibu nusu ya nguvu zake, na maji yakiganda ndani ya injini yanaweza kupasua chuma. Kwa hiyo kabla theluji haijaanguka wanabadilisha mafuta ya injini na kuweka mepesi zaidi, wanapima betri, wanaweka kwenye radieta maji ya dawa yasiyoganda, na wanatafuta mazuti ya majira ya baridi. Wanafanya hivyo jua likiwa bado linawaka. Kule mtu akingoja theluji ndipo atafute ufunguo wa garaji, mji mzima unafungwa.

Theluji yetu ni tope. Kwa mashine, tope ni adui kama baridi, ila linaua polepole na halitupi hofu. Tena tunadanganyana kuhusu mambo madogo. Wengi wanaamini ile dawa ya rangi inayowekwa kwenye radieta ni mambo ya nchi za baridi, basi wanajaza maji ya kisima. Dawa ile inazuia pia kutu ndani ya injini, na inafanya maji yachelewe kuchemka. Mashine inayosukuma udongo mzito siku nzima Kasenga inaihitaji vilevile.

Kutayarisha mashine ni kazi gani

Nimeuliza mafundi wa mashine wa hapa mjini, wale wa garaji za kando ya barabara na wale wa makampuni makubwa. Wote wananiambia karibu maneno yaleyale, na karibu hakuna jambo linalohitaji mtaalamu kutoka nje.

Kwanza ni kuondoa kiangazi ndani ya mashine. Miezi mitano ya vumbi imejaza filta ya hewa na kuziba matundu ya radieta. Injini isiyopumua inakula mazuti mengi na inachemka upesi, hasa inapovuta mzigo kwenye tope. Filta inabadilishwa na radieta inapulizwa. Ni kazi ya nusu siku.

Pili ni maji ndani ya mazuti. Wakati wa mvua, pipa likiachwa wazi au tangi likiachwa nusu usiku kucha, maji yanaingia. Maji yale yanaharibu pampu na vichwa vya kupulizia mazuti, ambavyo ni kati ya vipuri vya bei kali kabisa. Dawa yake ni kujaza tangi jioni baada ya kazi, na kila asubuhi kufungua kile kikombe cha chini ili maji yatoke kabla ya kuwasha injini. Haigharimu hata franka moja. Inataka mtu mwenye desturi hiyo, na mkubwa anayemuuliza kama ameifanya.

Tatu ni miguu ya mashine. Buldoza na mashine za kuchimba hutembea kwa minyororo ya chuma. Tope likijaa ndani na kukauka, mnyororo unabana na kuanza kutafuna magurudumu yake yenyewe. Miguu hiyo ni moja ya sehemu zinazokula pesa nyingi zaidi katika maisha ya buldoza. Kinachohitajika ni koleo na maji kila jioni, na mnyororo kulegezwa kidogo unapofanya kazi kwenye tope. Kwa niveleze, jambo kubwa ni vyuma vya makali chini ya kisu. Hivyo vimetengenezwa viishe na vibadilishwe. Visipobadilishwa kwa wakati, kisu chenyewe kinaanza kuliwa, na hapo unanunua kitu kingine kabisa.

Nne ni grisi kwenye viungo vyote mpaka ile ya zamani yenye maji itoke, mipira ya hidroliki ikaguliwe na ile yenye nyufa ibadilishwe kabla haijapasuka, betri ipimwe na vichwa vyake visafishwe, taa na vifuta-kioo vifanye kazi, breki zijaribiwe. Hata lile kopo la tomate ambalo madereva wetu wazee hufunika juu ya bomba la moshi usiku lina maana: linazuia mvua isiingie kwenye injini.

Tano ni mahali pa kulaza mashine. Mara ngapi tumeona mashine imelazwa karibu na mto kwa sababu mchana ilikuwa inafanya kazi hapo, asubuhi ikakutwa ndani ya maji? Kila kambi ya barabara ingechagua mapema mahali pa juu penye changarawe, na mlinzi mwenye simu.

Kwa nini kazi hii haifanyiki

Inchi yetu ina kilometa 152.400 za barabara kwa hesabu ya serikali: 58.129 zinazounganisha miji na majimbo, 7.400 za ndani ya miji, na 86.871 za kwenda mashambani. Sehemu kubwa sana ni udongo mtupu. Barabara ya udongo inaishi kwa mgongo wake. Ikiwa katikati imeinuka, maji yanashuka kwenye mifereji na kwenda zake. Mgongo ukilala, maji yanakaa, lori la kwanza linachimba, la pili linaongeza, la kumi linazama. Niveleze ikipita kwa wakati, shimo halizaliwi. Ikikosa kupita, msimu ujao hatutazungumza tena juu ya matengenezo, tutazungumza juu ya kujenga upya, kwa bei ya mara nyingi.

Office des Routes ipo tangu 1971. Mfuko wa taifa wa kutunza barabara, FONER, uliwekwa na sheria mwaka 2008, nao unakula kutokana na makato kwenye kila lita ya mafuta ya gari na kutokana na peaje. Maana yake ni kwamba kila mwenye pikipiki anayesimama kwenye stesheni ya mafuta amekwisha kulipia grisi ya niveleze ile ya Kilwa. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba tunaomba msaada. Tunauliza habari ya pesa yetu.

Shida ya kwanza naiona katika kalenda. Pesa ya kutunza mashine ikifika Desemba, imefika kuhani msiba. Inatakiwa kuwa mkononi mwa fundi mwezi wa saba au wa nane.

Shida ya pili ni kupenda kwetu sherehe. Tunajua kupokea mashine mpya. Zinapangwa mstari, rangi ya njano inang'aa, utepe unakatwa, fanfare inapiga, na sisi waandishi wa habari tunapiga picha. Mimi pia nimepiga picha hizo, na nakiri kwamba sikurudi miezi kumi na minane baadaye kuhesabu ngapi bado zinatembea. Hakuna mkubwa anayekata utepe mbele ya filta mpya. Basi mashine mpya inanunuliwa, ya zamani inakufa, na kufa kwake ndiko kunakoleta sababu ya kununua nyingine.

Shida ya tatu ni kwamba mashine ni ya wote, kwa hiyo si ya mtu. Dereva anabadilishwa, daftari la mashine linapotea, na hakuna anayejua mafuta ya injini yalibadilishwa lini. Mashine moja ikiharibika wanaichuna vipuri ili nyingine itembee, na baada ya misimu miwili uwanja mzima ni makaburi.

Watakaobisha

Najua jibu la kwanza: hakuna pesa, inchi iko vitani, mashariki kunahitaji kila franka. Nalichukua jibu hilo kwa heshima, maana watu wetu wanakufa kule. Lakini ndilo jibu linalonipa haki. Asiye na pesa ya kununua mashine mpya ndiye hasa anayepaswa kupaka grisi ile aliyo nayo. Maskini mwenye viatu pair moja hawaachi usiku kwenye umande.

Jibu la pili ni kwamba mvua za siku hizi zimezidi nguvu. Ni kweli. Desemba 2022, mvua ya usiku mmoja Kinshasa iliua watu zaidi ya mia moja, na ikakata barabara ya taifa namba 1 kule Mont-Ngafula, njia ambayo mji mkuu unapitishia mizigo ya bandari ya Matadi. Tarehe 4 Mei 2023, Kalehe, katika Kivu ya Kusini, maji na mawe vilishuka juu ya vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, na zaidi ya watu mia nne walikufa. Hakuna niveleze ingeyazuia maji yale, na sitadai hivyo. Lakini baada ya maji, ndugu walichimba kutafuta watu wao kwa majembe na mikono. Siku kama hiyo, mashine ya kuchimba inayowaka saa ileile si anasa. Kama mvua zimekuwa kali zaidi, basi sababu ya kutayarisha mashine imekuwa kubwa zaidi.

Na kwa yeyote anayesema kwamba katika hali ya hewa ya Katanga mashine haziwezi kudumu, namwalika tufanye safari fupi mpaka Likasi na Kolwezi. Kule kwenye migodi mvua ni ileile na tope ni lilelile. Mashine zinafanya kazi usiku na mchana, Januari na Februari, ndani ya mashimo ambamo maji yanavutwa kwa pampu bila kusimama. Zinaendeshwa na vijana wetu na kutengenezwa na mafundi wetu, baadhi yao wakiwa wametoka katika idara za serikali kwa sababu kule mshahara ulikuwa hauonekani. Tofauti iko katika jambo moja: mgodini, mashine ikisimama, kuna mtu anaulizwa siku hiyohiyo. Barabarani ikisimama, anayelia ni mama wa samaki, na yeye hana ofisi ya kwenda kuuliza.

Ninachoomba

Sitaki kumaliza kwa kulalamika tu. Kuna mambo ambayo serikali ya jimbo, bunge lake na Kinshasa wanaweza kufanya kabla ya Novemba.

Kwanza, ifikapo tarehe moja Septemba kila mwaka, jimbo litangaze hadharani orodha ya mashine zake za barabara: ipo wapi, inatembea au imekufa, imekosa nini, na nani anaijibia. Karatasi moja tu, ibandikwe kwenye ukuta wa kila makao ya teritware sita, kuanzia Sakania mpaka Mitwaba, na isomwe kwenye redio za jamii. Wabunge wetu waifanye hiyo kuwa swali la kwanza wanaporudi kwenye kikao cha Septemba, ambacho ndicho kikao cha bajeti.

Pili, pesa ya vipuri na mafuta ya injini itenganishwe na pesa ya kununua mashine, na itolewe wakati wa kiangazi. Isiwezekane kuihamisha ikalipie safari na viti vya sherehe.

Tatu, kila mashine iwe na dereva wake na daftari lake, na dereva ambaye mashine yake imemaliza mvua bila kusimama apewe zawadi inayoonekana. Tunatoa zawadi kwa wachezaji wa mpira, na ni vizuri. Huyu naye anatuvusha.

Nne, tusisahau mashine ndogo kuliko zote: koleo, jembe na toroli. Kamati za wakaaji zinazotunza barabara, zile tunazoita CLER, zinaweza kuzibua mabomba ya chini ya barabara na kusafisha mifereji mwezi wa tisa. Mfereji uliozibuliwa unaipunguzia niveleze kazi. Lakini kamati nyingi hazina vifaa, na zikifanya kazi zinalipwa kwa kuchelewa mno. Huwezi kumwambia mwanakijiji atunze barabara ya taifa kwa jembe lake la shamba na kwa njaa yake.

Tano, bariere za mvua ziheshimiwe. Mvua ikinyesha, lori zito lingoje mpaka barabara ikauke. Kila mmoja wetu anajua kwamba bariere ile inafunguka kwa noti iliyokunjwa mkononi. Lori moja lililopita usiku kwa noti ile linaharibu kazi ya wiki nzima ya niveleze. Hapo serikali haina lawama peke yake. Wafanyabiashara na madereva nao wajiangalie.

Mambo haya yanagusa sahani yetu. Lubumbashi inakula unga unaotoka kwa sehemu kubwa Zambia. Mwaka 2024 ukame uliipiga Zambia mpaka serikali yake ikatangaza janga la taifa, nasi tukakumbuka jinsi tulivyo tegemezi. Tangu hapo viongozi wanatuambia turudi mashambani. Vema. Lakini mahindi ya Mitwaba na ya Pweto hayaruki hewani. Yanahitaji barabara yenye mgongo, barabara inahitaji kisu cha niveleze, na kisu kinahitaji vyuma vya makali ambavyo mtu fulani anapaswa kuviagiza wiki hii, si mwezi wa kwanza.

Mimi nitarudi kwenye njia ya Kilwa mwezi wa pili ujao. Nitapita tena pale nilipoona nyasi zimeota katikati ya magurudumu. Nikikuta mashine ile inafanya kazi, nitaandika hivyo, kwa furaha, na jina la idara nitalitaja.